Steki ya Kichina ya Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamka na maumivu ya goti langu lile lile. Kuku wamekula. Uji nimepika, bakuli la mkwe wangu Masanja nikaliacha uani, wangu nikanywa sebuleni. Ndivyo tunavyoishi. Miaka minne tangu amwoe Neema wangu, sijamwona akitafuna. Sisi Wanyamwezi mkwe hali mbele ya mama mkwe, na kijijini kwao Choma, kwa Wasukuma, ndiyo usiseme. Akiniamkia anachutama, macho chini.

Wiki iliyopita alianguka na pikipiki. Mkono wa kulia umevunjika, uko kwenye plasta. Neema naye ni nesi, kapelekwa kikazi Ipole wiki mbili. Nimebaki na huyu kijana, ukuta katikati. Nampenda kama wa kumzaa. Nitamwambiaje?

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Hoteli moja ya mjini imemwita Masanja Jumamosi akapike steki ya Kichina waionje. Wakiipenda, ni mpishi wao. Kazi hii kaililia muda mrefu. Mapishi alijifunza kambini kwa Wachina waliojenga barabara, na tangu kambi ifungwe ni vibarua tu. Sasa mkono mmoja! Wamemruhusu aje na msaidizi. Neema kanipigia simu: "Mama, wewe si una mikono miwili?"

Ana wazimu huyu mtoto. Mimi na mkwe, jiko moja?

Jumatano, 5 Juni

Tumepata njia. Mimi jikoni, yeye nje chini ya dirisha, kanipa mgongo, anataja. Kata nyama kukatiza nyuzi. Twanga tangawizi na kitunguu saumu. Kamua ndimu. Mafuta ya ufuta kidogo, asali ya Ipole kijiko. Kisha sosi ya soya, nyeusi kama oili chafu. Loweka.

Mwisho nikamwambia, natia chumvi. Akakohoa. Akakohoa tena. "Sawa, mama." Nikatia konzi nzima. Nyama bila chumvi ni ya wagonjwa.

Nimechoma, nikampelekea jirani yangu Bi Zuwena. Kasema mashaallah, tamu. Kanywa maji vikombe vitatu. Nikadhani ana kiu yake. Mimi nimeiona sawa, ila mimi na chumvi tunajuana.

Alhamisi, 6 Juni

Tumerudia. Viungo vile vile, chumvi ile ile. Bakuli la Masanja limerudi na nyama. Hajawahi kurudisha chakula changu. Mkono unamuuma? Ananichoka? Nimeudhika, sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Juni

Neema kapiga asubuhi. Kumbe sosi ile yenyewe ni chumvi tupu! Masanja kamwomba aniambie taratibu, nisije nikaumia. Siku mbili mtu anameza chumvi na kunyamaza!

Nimekasirika kweli. Yuko radhi akose kazi kuliko kunikosoa. Heshima gani hiyo ya kujimaliza? Halafu nikaona aibu. Ni mimi niliyependa kuheshimiwa hivyo.

Na nyama ya kesho nilikuwa nimeshailoweka, na konzi yake ya chumvi. Nikaenda tena buchani. Niliporudi nikabeba kigoda, nikakaa mbele ya Masanja, uso kwa uso. Nikamwambia, kesho mimi si mkwe wako, ni mkono wako wa kulia. Mkono ukikosea, useme. Jasho likamtoka. Kaitikia kwa kichwa tu. Sina imani naye.

Jumamosi, 8 Juni

Jiko la hoteli. Mimi na aproni, Bikira Maria nisaidie. Makaa yameiva. Meneja na wapishi wake wamesimama wanatutazama. Steki ziko kwenye wavu, harufu inaita. Pembeni kuna kopo la chumvi. Wallahi sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe.

"Mama, acha!"

Wapishi wakatazamana. Mkwe kanifokea mbele za watu. Nilitaka kumkumbatia. Nikarudisha kopo. Tangu hapo hakunyamaza: geuza, sogeza, hiyo toa. Meneja kala, kakomba na mchuzi. Masanja anaanza kazi plasta ikitoka.

Nimelia kwenye bajaji. Yeye kakaa mbele na dereva, kajifanya haoni.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza. Nimerudi, nimepika wali na maharage. Bakuli lake uani, langu sebuleni.

Masanja kaja mlangoni na bakuli lake. Kasimama. Nikasogeza kiti. Kakaa. Kala kwa kijiko, mkono wa kushoto, macho chini. Kumbe anatafunia upande mmoja, polepole. Miaka minne sikujua.

Kameza. Kaniangalia.

"Mama, chumvi imezidi."

Nikaenda kumletea maji.