Biskuti za Ukuta wa Wizara

Muaither, Doha
Jumanne, 11 Februari 2014

Dada yangu Milcah,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliomo nyumbani. Natumaini goti lako limepoa na kwamba Mama anakula vizuri. Mimi ni mzima wa mwili. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu utalia, nami nitaanza kukutuliza badala ya kueleza. Kwa hiyo keti, vaa miwani, usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Najua Collins amekwambia kwamba anarudishwa nyumbani Alhamisi. Najua pia ulivyomjibu, kwamba ameniaibisha mimi, mjomba wake niliyemtafutia kazi. Aliniambia mwenyewe, akijaribu kucheka, kuwa ulimwuliza kama uzembe huo ameununua Doha au alisafiri nao.

Acha nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa. Tunajenga ofisi za wizara moja hapa, orofa sita juu na moja chini ya ardhi. Mimi ndiye msimamizi wa ujenzi. Collins ni nyapara wa wafunga nondo. Nondo haziruhusiwi kugusa mbao zinazoshikilia zege. Huwekewa vipande vidogo vya zege vya kuzitenga, ili zifunikwe vizuri. Sisi wajenzi wa Kenya tunaviita biskuti. Vijana wa Kiganda wa saiti yetu walimbatiza mwanao Baba Biskuti, kwa jinsi alivyozihesabu kila asubuhi akiuliza nani amekula moja.

Unene wa biskuti si jambo dogo. Ardhi ya huku ina chumvi, na chumvi ikikifikia chuma, chuma huvimba kikapasua zege. Kwetu, nilipokuwa nikijenga ofisi za wakuu wa wilaya, inchi mbili zilitosha. Huku, kwa ukuta ulio chini ya ardhi, zilitakiwa tatu.

Tulimwaga zege. Wiki mbili baadaye mkaguzi akapitisha kifaa chake ukutani, kikaonyesha nondo ziko inchi mbili tu ndani ya zege, urefu wa mita arobaini. Ukuta ule utavunjwa wote. Alhamisi iliyopita meneja alituita, akauliza nani aliagiza biskuti zile. Kabla sijafungua mdomo, Collins alisema ni yeye, kwamba hakuusoma mchoro vizuri. Meneja hakuuliza zaidi. Mtu akishakiri, nani atahangaika kupekua makabati?

Nilijiambia nitasema mkutano ukiisha. Ukaisha. Nikajiambia nitasema baada ya chakula. Leo ni siku ya tano.

Jana Faridah, dada wa Kiganda anayetunza michoro ofisini, alinisogelea akaniambia taratibu: daftari la kupokelea michoro sijalifungua mbele ya mtu, lakini, Mzee wangu, ukurasa unaujua. Akaenda zake bila kungoja jibu.

Ninaujua, Milcah. Mchoro mpya, wenye inchi tatu, ulifika Desemba, na sahihi iliyoupokea ni yangu. Sikuukunjua. Nimejengea serikali miaka thelathini, nikaona hakuna mtoto wa kompyuta atakayenifundisha ukuta. Niliutia kwenye droo, na Collins akabaki na ule wa zamani.

Na kuna zaidi. Alikuja mara mbili kuniuliza kama mchoro alio nao ndio wa mwisho, kwa sababu ile chumvi ilimtia shaka. Mara ya pili nilimwambia, mbele ya vijana wake, kwamba yeye alipokuwa akisimama dede mimi nilikuwa nikifunga nondo. Walicheka sana. Hakuuliza tena.

Nilimfuata kambini kwao, Industrial Area ya hapa Doha, nikamkuta akikunja mashati. Nilimwuliza kwa nini alijitwika kosa lisilo lake. Alisema wewe ndiye uliyemfunza kwamba mjomba hasutwi mbele za watu. Kisha akaniomba nisikwambie.

Sasa nimekwambia. Terry, yule muuguzi ninayesali naye, anasafiri kuja huko nyumbani leo alasiri. Kesho atakukabidhi barua hii mkononi. Nimekuandikia wewe kwanza kwa makusudi. Meneja naweza kumkwepa siku nyingine tano, jinsi ninavyojijua. Lakini barua hii ikishapanda ndege, sitaweza tena kukaa hapa kama mtu asiye na neno. Kesho saa moja asubuhi nitaingia ofisini kwake na ule mchoro wa droo. Huenda akanirudisha mimi, huenda akaturudisha wote wawili. Hilo siwezi kukuahidi. Ninaloweza kukuahidi ni kwamba Collins hatapanda ndege akiwa na kosa langu.

Nisalimie Mama, na usimfiche lolote. Wasalimie majirani na wote wa kanisani wanaoniulizia. Nami nakuomba jambo moja: kabla hujanipigia mimi, mpigie mwanao.

Ni mimi kaka yako,
Laban