Ukingo Niliopewa na Mjomba

Chumba cha uani,
Kwa Mjomba.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hali yako huko, na shemeji hajambo? Na yule mdogo wenu, jino limeshatoka au bado anawatafuna vidole? Nimekukumbuka mpaka nimeanza kuongea na sufuria kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Mimi ni mzima, isipokuwa nyonga, na hiyo nyonga ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Pongezi zako kwa Cheche nimezifikisha. Ndiyo, binamu yetu ameshinda mchujo wa mbio, na ile nafasi moja ya kambini ni yake. Mimi nilikuwa jukwaani na maumivu yangu, nikampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Uliniandikia nivumilie, tena nimshukuru Mjomba kwa anavyonihangaikia na matibabu. Dada, shukrani hiyo imenikwama kooni.

Unajua maumivu yangu yalivyo. Yanaanzia nyonga ya kushoto, yanateremka nyuma ya paja hadi gotini. Nikipumzika yanaondoka, nikirudi barabarani nayo yanarudi. Mjomba ndiye aliyenipeleka kwa mtaalamu wa mgongo, mama mmoja mfupi mwenye viganja vipana, ambaye wagonjwa wake wanamwita Vunjakuni kwa sababu ya mlio unaotoka akikunyoosha. Unalala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, huoni kitu ila viatu vyake. Anapapasa uti wa mgongo, anakwambia utoe pumzi, halafu ka! Mara ya kwanza nilidhani amenimaliza. Kumbe nilishuka kitandani mwepesi, nikatoka nacheka peke yangu.

Akimaliza hukuacha umelala kidogo na kitambaa cha uvuguvugu mgongoni, naye huenda chumba cha mbele kuzungumza na mkubwa uliyekuja naye. Kwa hiyo maelezo yote alikuwa akimpa Mjomba. Sikuona ubaya. Tangu mama alipotutoka, nani mwingine angenisikilizia? Mjomba alikuwa akirudi na jibu lile lile, kwamba nivumilie, mwili utazoea.

Juzi Mjomba alipata udhuru, nikaenda peke yangu. Vunjakuni akanigusa nyonga, akaguna, kisha akaja juu.

"Wewe binti, masikio yako ni ya mapambo? Mara ngapi nimesema uache kukimbia ukingoni? Lami imeinama pale ili maji ya mvua yashuke. Mguu wako wa kushoto uko chini kila siku, nyonga inavutwa. Mimi naweka sawa, wewe unakwenda kupindisha. Si nilisema mbadilishane nafasi na mwenzio?"

Nilikuwa bado kifudifudi. Nililishukuru lile tundu, ila machozi yalidondokea sakafuni karibu na viatu vyake.

Unaikumbuka barabara yetu ya mazoezi. Mjomba nyuma kwa baiskeli, sisi wawili bega kwa bega upande wa kushoto, kwenda na kurudi. Cheche ndani, ambako lami imelala. Mimi nje. Mjomba alisema huyo bintiye ana pupa, ukingoni atakanyaga kokoto ateguke mguu. Mimi ndiye mtulivu, mimi ndiye wa kuaminiwa. Nami nikavimba kichwa! Kumbe nilikuwa nachezewa shere, tena na mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Nilimkuta anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Nikamwamkia kwanza, kisha nikamuuliza kwa adabu. Angekana labda ningemwamini, maana nilitamani kumwamini. Hakukana. Aliendelea kupaka mafuta, akasema bila kuniangalia, "Wewe Mungu alikupa miguu. Yeye ilibidi nimpe barabara."

Basi.

Nimekasirika, Dada, na nimeumia. Angeniomba nimwachie Cheche nafasi, naapa ningemwachia, na hilo ndilo linalonikereketa zaidi. Alikuwa na mdomo wa kuniomba. Akaona bora aniumize, halafu anishike mkono anipeleke kutibiwa, na majirani wakimsifu kwa moyo wake.

Naomba unipokee kwa muda. Vunjakuni anasema nyonga itatulia nikikimbia palipo tambarare na kukaza misuli ya kiuno kwa mazoezi aliyonionyesha, maana kunyooshwa peke yake hakutoshi. Huko kwenu kuna uwanja wowote? Nitalala popote, hata jikoni, na nitaosha vyombo bila kununa, jambo ambalo wewe mwenyewe unajua ni muujiza.

Msalimie shemeji, na umpakate mtoto kwa niaba yangu. Bibi wa nyumba ya pili anakusalimu sana, na fundi cherehani anauliza lini utakuja kuchukua lile gauni lako, limemzeekea dukani. Salamu za Mjomba sina. Za Cheche nilikuwa nimekuwekea, kwa sababu siku zote hizi nilijiambia yeye hajui kitu. Tumelala kitanda kimoja tangu utotoni, angejua angeniambia. Leo alfajiri tulipotoka kwa mbio za polepole, nilisimama tu upande wa ndani. Cheche akatazama chini, akahamia ukingoni. Hakuniuliza kwa nini.

Mungu akutunze, aitunze na nyumba yako. Nijibu upesi.

Nakupenda, na kwa sasa nimebaki na wewe tu,
Mdogo wako.