Sauti ya Mama Niliyoipoteza

Olasiti, Arusha,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ludovick,

Marahaba kwa zile shikamoo zako zote za kwenye simu. Hujambo wewe, mke wako na binti yetu Sia? Huko Norwe walau sasa mnaota jua. Huku Juni ndiyo hii, Mlima Meru umejifunika wiki nzima na goti langu linalalamika. Vinginevyo tu wazima.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi. Kila ulipopiga simu niliishia kukuuliza hali ya hewa. Nilikuwa nakukwepa.

Uliomba nikutumie sauti ya mama, ili siku ya kipaimara Sia amsikie bibi aliyemrithisha jina. Haipo, Ludovick. Nimeipoteza mimi.

Unaukumbuka ule ukurasa uliotengeneza ukiwa chuoni, ukibofya picha ya mama anaongea? Laptopu yako ilipoibiwa, nakala ikabaki moja tu, ya hapa dukani kwangu. Baadaye kile kiprogramu kinachoifanya picha iongee kikaachwa na waliokitengeneza, na vivinjari vipya vikakikataa. Ukanionya niihamishe sauti kisha nikifute, maana kina matundu ya kuingilia wezi. Nikasema Jumamosi. Jumamosi ngapi zimepita! Nikang'ang'ania kivinjari cha zamani, nikazuia kompyuta isijisasishe, ilimradi kila asubuhi nimsikie mama kabla ya wateja wa fotokopi.

Mwezi uliopita, kwa kivinjari hichohicho, nikafungua tovuti moja ya nyimbo za kwaya. Dakika chache tu, mafaili yote yakawa hayafunguki. Ezra, fundi wetu aliyekulia mashambani Nduruma, alinieleza kwamba kiprogramu kile hupimiwa nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kama mkulima anavyopimiwa maji ya mfereji. Mhalifu aliyeitega tovuti ile alikimiminia data zaidi ya kipimo, zikafurika hadi pasipo pake, naye akapitisha amri zake humo.

"Dada, hili tundu linajulikana miaka," alisema, "ila wa kuliziba hayupo tena."

Amehangaika wiki mbili, ameshindwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo.

Najuta sana. Hukuwahi kumzika mama, na kile kidogo ulichobakiza chake nimekiharibu kwa ubishi wangu.

Humu kuna jani la isale, nimelikata mpakani mwa kihamba cha mama, lile shamba letu la migomba. Najua kwa mila yetu anayeletewa isale hakatai kusamehe, lakini sikulazimishi. Kuna na karatasi ya maneno yake yote ya kwenye ile sauti, nayajua kwa moyo. Msomee Sia.

Mume wangu Aminiel na Hanna wetu wanawasalimu mno. Mungu awafunike kwa mkono wake, na ampe Sia siku njema.

Dada yako akupendaye,
Aikande.

N.B. Kwenye mstari wa tatu nimeacha nafasi wazi. Hapo mama hucheka kidogo kabla ya kutaja jina lako, na kicheko kile sikujua kinaandikwaje.