Mabomba Yaliyonyamaza Katika Kinanda Chako

Baba yangu,

Shikamoo, ingawa hakuna wa kuniitikia.

Nafungua shajara zangu za zamani na kila Jumamosi nakuta neno moja: kinanda. Wewe ulikuwa nyuma yake pale kanisani, ukiitia viraka mivukuto yake ya hewa kwa ngozi ya mbuzi tuliyoifuata Pongwe. Mimi mbele, nikibonyeza noti moja moja tujue bomba lipi limenyamaza. Hewa ya chumvi ilikuwa ikiyala mabomba, na Wajerumani waliokijenga walishaondoka. Bomba likifa, ulinifundisha kulizunguka: tuupandishe wimbo kidogo, au mkono wa kushoto ufunike pengo.

"Waumini wasijue kinaumwa," uliniambia. "Wakijua, watakizika."

Nimekutii, Baba. Mabomba yaliyokufa sasa ni mengi kuliko uliyoniachia, na ayajuaye ni mimi tu. Hapo ndipo niliponasa.

Mke wangu Agnesi yuko Lushoto na watoto tangu Pasaka, na shule ya huko inaningoja nikafundishe. Mchungaji ameahidi kuniachilia nikipata wa kushika nafasi yangu. Kila aliyejaribu, wimbo umemkatikia njiani, na wazee wa kanisa wamecheka wakisema kinanda ni kizima, mikono ndiyo mibovu. Nilipomweleza Mchungaji hali ya mabomba, aliniuliza mbona Jumapili kililia vizuri.

Basi Jumapili iliyopita nilikiacha kiseme chenyewe. Nilipiga wimbo kama ulivyoandikwa, sikuzunguka kitu. Kwaya iliyumba, akina mama wa mbele wakageuka kutazamana. Nilitoka nje mwepesi, nikisubiri kuulizwa habari za kinanda.

Mzee wa kanisa alinishika kiganja.

"Pole, Mwalimu. Hiyo malaria. Leo mikono imekutetemeka."

Nilimwambia si mimi, ni mabomba. Akamgeukia mwenzake: "Unasikia? Homa imeshapanda kichwani."

Jioni mke wa Mchungaji aliniletea uji, na kwaya ikaja kuniombea sebuleni. Wamenipenda kweli, Baba, ndiyo maana sikuweza hata kukasirika. Nilikaa kwenye kochi na blanketi nisilolihitaji, nikaitikia amina.

Leo nimemwandikia Agnesi asinitazamie Krismasi. Jumapili nitapiga tena kama ulivyonifundisha, nao watamshukuru Mungu kwamba nimepona.

Lala salama, Baba. Kiti chako mbele ya kinanda hakijapoa.

Mwanao