Mkwe Wangu Ndiye Anayetaka Kodi Ipande

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umri wako unaidai, na kama hauidai basi salamu tu, mimi ni fundi cherehani, naomba unisaidie maana nimekwama na sina wa kumwambia. Serikali inataka kupandisha kodi ya vitambaa na nyuzi, na sisi mafundi wa barazani tumeitazama kila upande tukaona haibebeki, maana ukiongeza bei ya kushona gauni mteja anakunja kitambaa chake anakwenda kununua la mtumba, kwa hiyo wenzangu wakanichagua nikaseme kwenye mkutano wa maoni, wakidai mdomo ninao. Kumbe mwenyekiti wa mkutano ni mheshimiwa ambaye mwanawe amemposa binti yangu, na posa tumeshaipokea.

Nikasimama, nikapewa maiki, na mkwe ni mkwe, huwezi kumvamia kwa maneno makali mbele za watu, nikaanza kwa adabu, "Mheshimiwa, sisi mafundi hatuna neno nawe," nikitaka kuendelea "ila kodi hii itatumaliza," lakini hata sijavuta pumzi akapiga makofi, akasema, "Mmesikia? Mafundi hawana neno! Tuendelee na wauza mbao," maiki ikaondoka mkononi mwangu, nami nikakaa, mshauri, nikakaa kama mtoto aliyeambiwa akae.

Tangu siku hiyo wananiita Hatuna Neno. Fundi wa suruali niliyeanza naye kazi haniazimi hata pasi, alinitazama usoni akasema, "Umetuuza upate harusi," na mama anayetushonea matundu ya vifungo ameanza kutafuta mtu wa kumuuzia cherehani yake, anaipangusa huku analia. Mke wangu ananiambia funika kombe mwanaharamu apite, posa isije ikavunjika. Mkutano wa mwisho ni wiki hii, kisha mambo yanakwenda bungeni, nikisimama kumpinga mkwe namvunjia binti nyumba kabla hajaiingia, nikinyamaza wenzangu wanafunga kazi kwa sababu yangu, nimechoka, sioni njia, natamani hata nisingejua kushona.

Ni mimi, fundi niliyebaki peke yangu barazani.

JIBU

Fundi, pole. Nimekuhurumia mpaka pale ulipokaa, baada ya hapo nimekasirika.

Unajilaumu kwa neno, wakati mkwe wako Kiswahili anakijua. Mtu akisema "hatuna neno nawe", kila mwenye masikio husubiri "ila". Yeye hakusubiri kwa sababu alijua linalokuja. Heshima aliivunja yeye, tena kwa kutumia adabu yako. Mkwe hupewa kiti, hupewa maji ya kunywa. Hapewi riziki ya wenzako.

Mkeo ana hofu ya mama, simlaumu, lakini kombe gani la kufunika wakati mtaa mzima umeshakupa jina? Nenda kwa fundi wa suruali, mweleze yote, hata hofu yako kwamba posa itavunjika, maana mficha uchi hazai. Atakutukana. Vumilia, umeyataka mwenyewe ulipokaa. Kisha mwombeni yule mama wa vifungo asimame wa kwanza, kwa kuwa hana mkwe pale mbele, nawe simama ubavuni mwake useme wazi kwamba mafundi wanapinga. Salamu usiziweke mbele.

Sikudanganyi, kodi inaweza kupita hata hivyo. Nimeona nyingi zikipita huku watu wanapiga kelele, na baraza lenu mwakani linaweza kuwa tupu. Posa nayo inaweza kuvunjika. Lakini kama ukwe huu unasimama kwa wewe kufunga mdomo, basi jua kwamba huko aendako binti yako ataufunga wake pia, na hutakuwepo.

Kwa hiyo anza na binti yako, leo, kabla ya fundi wa suruali na kabla ya mtu mwingine yeyote. Usimwombe ruhusa, mwambie tu utakalosema mkutanoni. Akilia, mwache alie. Bado yuko nyumbani kwako.