Upinde Kwenye Kona ya Picha

Jumatatu, 3 Machi

Umerudi! Upinde mweupe, mwembamba kama ukucha uliokatwa, kwenye kona ya picha. Na taa ya eksirei tuliiweka pembeni kabisa, mahali ambapo darubini haipaswi kuona kitu. Mkuu wa maabara kasema ni doa la kigunduzi, kile kinachonasa picha; kompyuta italifuta. Doa! Ijumaa darubini inaondoka kwenda kufungwa kwenye setilaiti — ndiyo maana ni doa.

Jumanne, 4 Machi

Nimehamishia taa upande wa pili. Upinde nao ukahama. Fundi wetu, Bisibisi, kacheka mpaka barakoa ikamvuka: eti doa lenye miguu! Ni nuru potevu. Nuru halali hugusa vioo mara mbili ndipo ifike kwenye kigunduzi. Hii inagusa mara moja tu na kujipenyeza. Vile vizuizi vya pete mbele ya vioo kazi yao ni kuizuia. Kimoja hakizuii.

Jumatano, 5 Machi

Nimeifuata njia ya nuru kwa hesabu: kizuizi cha saba. Kimefungwa juu chini. Mbavu zake zimeinama kidogo mno, jicho halioni, hivyo huwa tunachora alama ya kalamu upande wa juu. Alama niliifuta mwenyewe kwa spiriti kabla ya kukifunga. Usafi wangu!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Mkuu. Kauliza nani mwingine anajua. Hakuna. "Basi, binti, tia saini fomu, darubini iondoke." Kukifungua ni wiki mbili. Na kule juu? Watu huku chini watakesha wakiupima upinde huu, wakidhani ni wingu la gesi!

Jioni nyumbani, Shangazi jikoni, kisu mkononi: kosa ni lako, wenyewe wamelisamehe, wewe unalishikilia la nini? Kanichekesha, kisha kanikasirisha. Kusamehe si kurekebisha.

Ijumaa, 7 Machi

Lori liko getini. Fomu ina neno moja tu, "Naidhinisha". Nimelikata. Nimeandika: Kizuizi cha saba kiko juu chini. Nilikifunga mimi. Kifunguliwe. Hapo nikatia saini — kubwa!

Mkuu kasoma mara mbili. Kauliza kama najua naharibu nini. Nikasema najua nilichoharibu, na siku yenyewe naijua.

Katoka na fomu. Namwona dirishani akisema na dereva, mkono kiunoni. Injini haijazimwa. Bisibisi kaja, kaweka spana mezani, kasimama kando yangu.

Hakuna aliyeniruhusu kukifungua. Glavu ya kushoto nimeshavaa.