Maziwa Yangu Hayakuwa na Maji

S.L.P. 1187,
Iringa.
21 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Clement,

Kamwene. Hamjambo huko Iyunga, wewe, Roza na watoto? Sisi tunapumua. Mama mguu unamsumbua asubuhi, lakini akishaota jua anajikongoja hadi zizini. Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekutukana.

Mahindi tumevuna, magunia kumi na moja. Ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Sasa niseme la maziwa. Unajua nilivyofukuzwa kwenye kikundi cha wauza maziwa mwezi wa tano. Kituo kilikuwa kimepata laktomita, kile kijiti cha kioo kinachotumbukizwa kwenye maziwa. Kikielea juu, maziwa ni mazima. Kikizama kupita alama, umetia maji. Kwenye maziwa yangu kilizama siku tatu mfululizo. Liberatus, anayepima, akayamwaga mferejini wanawake wote wakitazama. Jumapili yake nikanyang'anywa ufunguo wa kabati la jumuiya, eti mwizi wa maziwa hawezi kutunza vitambaa vya altare.

Mama akakupigia wewe, kwa kuwa ndiwe mwalimu wa fizikia. Ulimjibu maneno mawili tu: "Kipimo hakidanganyi." Hukuuliza hata maziwa yalifikaje kituoni.

Basi nikufundishe, mwalimu. Wenzangu wanatembea saa nzima katika baridi hii, ndoo zao zinafika zimepoa. Mimi nikishakamua navuka barabara tu, napimiwa povu likiwa bado juu. Maziwa ya moto hutanuka, yanakuwa mepesi, kijiti kinazama. Yakipoa yanakuwa mazito kidogo, yanakibeba. Kukaa karibu na kituo ndiko kulikoniponza.

Hayo nimeyajua mimi niliyeishia darasa la saba. Wiki iliyopita Bertha, mke wa mwenyekiti wa kikundi, alichelewa kukamua akaja na bodaboda. Maziwa yake yalikuwa na joto, na kijiti kikazama kama kilivyozama kwenye yangu. Lakini kwake hakuna aliyemwaga kitu. Walimpa kiti wakasema wapime tena baadaye. Akakaa, ndoo ikapoa, kijiti kikapanda. Wote wakacheka, wakasema mashine ilikuwa na usingizi.

Mimi sikucheka. Kesho yake nilimpelekea Liberatus maziwa yangu, nikamwomba apime yakiwa ya moto, kisha ayaweke kwenye beseni la maji ya kisima na kupima tena. Mara ya kwanza kijiti kilizama, mara ya pili kikapanda hadi kwenye alama. Akasema, "Dada Devota, kweli tumekuonea. Lakini jina lilishakatwa, mpaka mkutano wa mwaka." Huo mkutano ni Desemba, na mwenyekiti ni yule yule.

Kikundi namwachia Mungu. Kinachonila ni Mama. Tangu siku uliyomjibu anakunywa chai ya rangi. Anasema maziwa yanamkera tumbo. Miaka themanini hayakumkera, Clement. Yamemkera yalipokuwa ya mkono wangu.

Kwa hiyo niliazima kijiti kwa Liberatus, nikamkalisha Mama jikoni, nikampimia mbele ya macho yake, ya moto na yaliyopoa. Alikiona kikizama, akakiona kikipanda. Nikamuuliza kama ameelewa, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza, "Na Clement anasemaje?"

Mpigie wewe umjibu.

Nisalimie Roza, mama mkwe wako Paskalina na watoto wote. Kaka Silvester na wa kwake wanawasalimu. Mungu awalinde, na wewe akupe kuuliza kabla ya kuhukumu.

Dada yako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Devota